Bei ya Mgeni

“Kitambulisho chako, kaka. Cha NIDA, cha mpiga kura, hata leseni ya udereva. Chochote kinachoonyesha wewe ni raia.”

Dada wa tiketi alisema kwa upole, kalamu mkononi. Damari alikuwa ameshaonyesha cha kwake. Mama yake mdogo, Verediana, naye ameshaonyesha cha kwake na kukirudisha kwenye pochi. Alibaki Yotamu peke yake, fundi wa kuchomelea mageti kule Mbalizi, mwanaume ambaye baada ya wiki tano angesimama na Damari madhabahuni.

Yotamu alipapasa mfuko wa shati. Akapapasa wa suruali. Akarudia wa shati. Damari alimtazama. Yule mtu hatafuti kitu. Anavuta muda tu.

“Umekisahau nyumbani?” Damari akamuuliza.

Yotamu akageuza mfuko wa suruali nje.

“Basi kaka, usihangaike,” dada wa tiketi akacheka. “Hicho Kiswahili chako kinatosha, wewe mwenzetu. Nitajie tu namba yako ya NIDA niiandike hapa, ulipe bei ya raia uingie.”

Yotamu akatoa mkono mfukoni.

“Niandikie bei ya mgeni.”

“Unasema?”

“Mgeni wa kutoka nje. Nitalipa.”

Verediana akacheka kwa sauti, akidhani ni utani. Alipomwona Yotamu anatoa pochi, kicheko kikakatika.

“Mwe! Baba, hiyo si ndiyo wanayolipa Wazungu? Sisi tumekuja hapa kwa sababu ni rahisi, wewe unatafuta bei ya juu?”

“Mama, niache nilipe.”

Kweli walikuwa wamekuja kwa sababu ya urahisi. Damari alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Ilomba, Mbeya, na kwa miaka sita alikuwa amewafundisha watoto habari za Chifu Mkwawa kwa picha iliyofifia kitabuni. Pesa ya kwenda fungate Zanzibar hawakuwa nayo. Akapiga hesabu zake: kabla ya harusi wakalale kwa mama mdogo Kihesa, Iringa, wapike humo humo nyumbani, walipe kiingilio cha raia, na kwa siku mbili wangeyaona makumbusho ya Boma, ya Kalenga na mawe ya Isimila bila kugusa pesa ya harusi. “Watanzania wengi hawajui,” alimwambia Yotamu akiwa na furaha kama mtoto. “Vitu hivi ni vyetu, na kiingilio chake hakimshindi mtu.” Siku ile Yotamu alitabasamu tu.

Sasa alikuwa ndani ya Boma, anapita mbele ya mikuki na vyungu na picha za machifu bila kuona hata kimoja. Jasho lilikuwa limemlowanisha kola, na Iringa ilikuwa na baridi ya mwezi wa sita.

Verediana akamvuta Damari pembeni.

“Mwanangu, nikwambie kitu usichokipenda?”

“Mama mdogo, usianze.”

“Mwanaume anayeficha kitambulisho anaficha mke. Mimi yule bwana wangu Vitus alinificha cha kwake miaka miwili. Siku nilipokiona, nikamwona na mke wake wa ndoa, kaja na watoto watatu mlangoni kwangu. Unanielewa?”

“Yotamu si Vitus.”

“Sawa. Ukimtumia pesa kwenye simu, jina linakuja la nani?”

Jina lilikuwa linakuja Sekela. Mwaka mzima limekuwa likija Sekela. Alipomuuliza, Yotamu alisema ni dada yake aliyemsajilia laini, akabadili mazungumzo.

“Nakuuliza, jina la nani?”

“La dada yake.”

“Umewahi kumwona huyo dada?”

Hakuwa amemwona.

Yotamu akawafuata, akajilazimisha kutabasamu, akampa Damari simu yake.

“Nipige picha hapo kwenye ngazi. Simu yangu inatoa picha nzuri kuliko yako.”

Damari akaishika simu, akainua, akaweka kioo sawa. Yotamu akasimama ngazini, mikono nyuma. Kabla hajabonyeza, ujumbe ukadondoka juu ya kioo, juu kabisa ya uso wa mchumba wake.

*Mama Sekela: Yotamu, wale watu wamekuja tena nyumbani kukuulizia. Sekela analia tu. Huyo binti umeshamwambia au unangoja mpaka mfike kanisani? Mungu hapendi.*

Damari akausoma mara moja. Mara ya pili herufi zilikuwa zinacheza. Mama Sekela. Kumbe Sekela si dada. Sekela ni mtoto, ana mama yake, na mtoto analia.

“Vipi, umepiga?” Yotamu akauliza kutoka ngazini.

“Sekela ni nani?”

Tabasamu likamtoka Yotamu kama mtu aliyemwagiwa maji.

“Damari...”

“Nakuuliza Sekela ni nani!”

Watalii wawili wakageuka. Yotamu akashuka ngazi haraka, akaichukua simu, akasoma.

“Siwezi kusema hapa. Naomba unifuate Gangilonga, juu pale kwenye jiwe. Tukiwa wawili tu.”

“Hapana!” Verediana akadakia. “Haendi popote na wewe peke yake. Wewe nani sasa? Hata jina lako tunalijua?”

Damari alimtazama yule mwanaume aliyemlisha uji alipolazwa na taifodi. Kwa mara ya kwanza aliona mabega yake mapana na mikono yake ya kushika vyuma, akaogopa. Aliogopa, lakini kutokujua kulimtisha zaidi.

“Nitaenda,” akasema. Kisha akamnong'oneza Verediana: “Nakupigia sasa hivi. Usikate. Ukisikia nimenyamaza ghafla, piga kelele kwa watu.”

Wakapanda hadi Gangilonga, simu ya Damari ikiwa wazi ndani ya mfuko wa sweta. Juu ya jiwe upepo ulikuwa unavuma, na mji wote wa Iringa umelala chini, mabati yanameta. Damari alisimama mbali na ukingo. Kila Yotamu aliposogea, naye alirudi nyuma.

“Unaniogopa?”

“Ndiyo.”

Yotamu akakaa chini. Akaketi kabisa juu ya jiwe, kama vile anataka amwonyeshe kwamba hatamkimbiza.

“Sina mke. Sina mtoto. Sekela ni binti wa mama aliyenilea, Kyela. Laini hii ni ya kwake kweli, kwa sababu mimi siwezi kusajili laini. Sina NIDA, Damari. Sijawahi kuwa nayo.”

“Watu wangapi hawajapata NIDA? Ndiyo ulipe bei ya mgeni?”

“Nimelipa bei ya mgeni kwa sababu mimi ni mgeni.”

“Mgeni wa wapi?”

“Karonga. Malawi.”

Damari alidhani upepo umemfanya asikie vibaya.

“Mama yangu alivuka mto Songwe na mimi nikiwa na miaka saba,” Yotamu akaendelea, maneno yanamtoka mbio kama yaliyofungiwa. “Alikuja kufanya kibarua cha mpunga. Malaria ikamwua hata mavuno hayajaisha. Mama Sekela ndiye alikuwa amempangisha chumba. Akanichukua. Lugha ni ile ile ng'ambo zote mbili, majina ni yale yale, hakuna aliyeuliza. Nimesoma pale, nimejifunza ufundi pale. Ila nilipokua, kila karatasi ikawa inauliza: baba yako kazaliwa wapi, mama yako kazaliwa wapi. Nikawa nakimbia karatasi. Nikiona gari la uhamiaji Mbalizi, naacha mashine inawaka naingia choo cha jirani. Miaka ishirini na moja.”

“Na wale wanaokuulizia?”

“Wanahakiki wakazi kijijini. Mtu amewaambia habari zangu.”

“Mchungaji ametaka vyeti vyetu toka mwezi wa nne. Ukawa unaniambia vinakuja.”

“Nilikuwa natafuta wa kunitengenezea cha uongo. Nilimpata. Anataka laki tatu, nilikuwa nazo tayari.” Akafuta uso kwa kiganja. “Leo yule dada kaniambia nitaje tu namba. Ningetaja yoyote. Nikakuangalia, nikashindwa. Mdomo ukakataa.”

Damari naye akakaa, mbali kidogo. Moyo uliokuwa unaogopa mke sasa ulikuwa unaogopa kitu kisicho na uso: pingu, gari lenye nyavu, mpaka.

“Na wakikukamata?”

“Watanirudisha. Kule sina hata mtu mmoja ninayemjua kwa sura.”

Mara sauti ikalia kutoka mfuko wa sweta.

“Mwe, mwe, mwe! Damari! Afadhali angekuwa na mke!”

Yotamu akaruka. Damari akaitoa simu.

“Mama mdogo, tulia.”

“Nitulie nini? Mke tungemwita tukasemezana naye. Hii ni serikali! Ukiolewa na huyu, watakubeba na wewe! Namwambia baba yako sasa hivi!”

Simu ikakatika. Haikupita hata robo saa, ikaita tena, safari hii kutoka nyumbani kwao Mbeya. Mzee Asukile, baba yake Damari, hakuwa mtu wa maneno mengi.

“Damari.”

“Abee, baba.”

“Aliyosema Verediana ni kweli?”

“Ni kweli, baba.”

“Kesho mpande basi la asubuhi. Wote wawili. Huyo kijana aje aniangalie machoni akiniambia mwenyewe.”

Usiku ule Verediana alimlaza Damari chumbani kwake na kufunga kitasa. Yotamu alilala kwenye kochi. Kalenga na Isimila hawakuziona.

Asubuhi basi lilitoka Iringa na ukungu. Damari alikuwa anahesabu vizuizi vya polisi. Kila kimoja kilipopita alipumua. Walipokaribia Igawa basi likapunguza mwendo, likasimama kando. Wakapanda watu wawili wenye sare, mwanamke na mwanaume.

“Habari za safari, ndugu zangu. Uhamiaji. Tunaomba vitambulisho.”

Walikuwa siti ya kumi na tatu. Mbele yao watu wakaanza kufungua pochi.

“Jifanye umelala,” akamnong'oneza. “Nitasema mume wangu anaumwa. Wataona cha kwangu wapite. Yotamu, funga macho!”

“Siku zote nafunga macho.”

“Basi funga na leo! Tafadhali. Tukifika Mbeya tutajua la kufanya.”

“Nikifumba leo, nitafumba na siku ya ndoa. Na watoto wetu nitawafundisha kufumba.”

“Yotamu, naogopa.”

“Na mimi naogopa. Nishike mkono.”

Alimshika. Mkono wa fundi ulikuwa baridi kama chuma kisichowashwa moto. Afisa wa kike akafika.

“Habari yenu. Vitambulisho.”

Damari akatoa cha kwake. Afisa akakitazama, akarudisha, akamgeukia Yotamu.

“Na wewe, kaka?”

“Sina, afande.”

“Umesahau?”

“Hapana. Sijawahi kuwa nacho. Mimi nimezaliwa Malawi. Nililetwa nikiwa mdogo, sina kibali.”

Mama mmoja aliyekuwa anamenya chungwa akaacha kisu hewani. Afisa alimtazama Yotamu kama vile hajawahi kujibiwa hivyo.

“Unajua unachokisema?”

“Najua.”

“Shuka na mzigo wako.”

Yotamu akasimama, akachukua begi. Damari naye akasimama, akachukua lake.

“Wewe dada hatukuhitaji,” afisa akasema. “Kaa.”

“Nashuka.”

Konda akaingilia: “Dada, basi halisubiri mtu hapa. Nauli yako hairudi.”

“Liende.”

Alishuka kwenye vumbi la Igawa, akasikia mlango wa basi ukifungwa nyuma yake, na basi likaondoka na watu wote waliokuwa na amani.

Walipelekwa Mbeya. Siku mbili Damari alikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya uhamiaji, akiwa na chupa ya maji na mkate, anashtuka kila mlango unapolia. Siku ya pili akamwona baba yake anakuja, kavaa koti lake la kanisani, na nyuma yake mwanamke mfupi mwenye khanga na binti mwembamba aliyevimba macho.

“Huyu ndiye Mama Sekela,” mzee akasema. “Nimemfuata Kyela mwenyewe. Nilitaka nisikie kwa mtu mwingine.”

Wakaitwa wote ndani. Afisa mkuu, mama wa makamo aliyeitwa Bertha, alikuwa na jalada mezani. Mama Sekela alieleza yote, kuanzia kibarua cha mpunga hadi kaburi la mama yake Yotamu. Sekela alithibitisha laini ya simu, akilia. Bertha akaandika, akafunga jalada.

“Kijana, umeishi nchini bila kibali, na kosa hilo lina kesi. Lakini uliletwa ukiwa mtoto, na umejisema mwenyewe. Wakubwa wangu wamekubali usipelekwe mahakamani. Una siku saba. Toka kupitia mpaka wa Kasumulu, kajiandikishe kwenu, upate pasipoti yako. Ukitaka kurudi, pita mlangoni.”

“Nitarudi, mama.”

“Usiniahidi mimi.”

Yotamu akamgeukia Mzee Asukile. Alipiga goti, kama ilivyo desturi.

“Baba, ndaga, asante kwa kuja. Nisamehe.”

Mzee alimwacha pale chini muda mrefu hadi Damari akaanza kulia.

“Kuwa mtu wa Karonga si kosa,” hatimaye akasema. “Bibi yangu mimi alizaliwa ng'ambo ile. Umekula nyumbani kwangu Krismasi mbili unaniita baba, na hukunipa hata nafasi ya kukuamini. Hilo ndilo linaniuma. Barua yako ya posa nakurudishia.”

“Baba!” Damari akapiga kelele.

“Nyamaza, mwanangu. Ameileta mtu aliyekuwa anajificha. Atakayerudi, akirudi, ataandika yake.”

Yotamu aliondoka siku ya nne. Aliiacha laini kwa Sekela, kwa hiyo hapakuwa na namba ya kupiga. Wiki ya kwanza Damari alijiambia ni foleni. Wiki ya tatu akaanza kuota anamwona upande wa pili wa mto, kampa mgongo. Siku ambayo ingekuwa ya harusi yao ilifika. Akaingia darasani, akaandika tarehe ubaoni, chaki ikamvunjikia mkononi.

Verediana akapiga simu siku hiyo hiyo.

“Mwanangu, pole. Lakini na yeye ameshapata kwao. Labda ameona ni nafuu.”

“Mama mdogo, atarudi.”

“Na asiporudi?”

“Usiniulize hivyo leo.”

Akakata, akaenda choo cha walimu, akajifungia, akalia kwa khanga mdomoni ili watoto wasimsikie. Ndicho alichokiogopa kuliko pingu zote: kwamba Yotamu kafika salama, kafurahi, kasahau.

Wiki ya tisa, Jumanne, wakati wa mapumziko ya uji, simu ikatetemeka. Namba ilianza na 265, ya Malawi.

*Damari ni mimi. Nilikuwa sina hata mtu wa kunishuhudia kuwa mimi ni mimi. Nimezunguka vijiji vinne mpaka nikampata kaka yake mama, mzee kabisa, kanitambua kwa masikio. Leo nimepewa pasipoti, Ijumaa navuka Kasumulu. Sikutaka kukupigia na mikono mitupu. Bado upo?*

Damari alisoma amesimama katikati ya uwanja, watoto wanamzunguka na vikombe. Akaandika neno moja.

*Nipo.*

Ijumaa ile Mzee Asukile alivaa tena koti la kanisani bila kuambiwa. Wakateremka na Damari hadi Kasumulu, joto limewapiga, wakasimama nje ya ofisi ya mpaka tangu saa mbili. Saa tatu ikapita. Saa nne. Kila mwanaume aliyevuka daraja na begi, moyo wa Damari uliruka na kuanguka.

“Huenda gari limeharibika,” mzee akasema.

“Huenda,” Damari akajibu, macho darajani.

Saa tano kasorobo akamwona. Amekonda, kanyoa kichwa, kavaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Hakuwa amewaona. Alipanga foleni kama watu wengine, akafika kwenye kioo, akaweka pasipoti mbele ya afisa kwa mikono miwili.

“Jina?”

“Yotamu Mwakasungula.”

“Unaenda wapi?”

“Mbeya. Ilomba.”

Afisa akafungua kurasa tupu, mpya, zinazonata.

“Madhumuni ya safari?”

“Kuoa, afande.”

Afisa akainua uso. Akamtazama, akatazama foleni nyuma yake, akacheka kidogo.

“Na huyo binti anajua?”

“Anajua,” Yotamu akajibu. “Sijui kama yupo.”

“Nipo!” Damari akapiga kelele kutoka mlangoni, mbele ya madereva wa malori na wabadilisha pesa na watu wote wa Kasumulu. “Nipo hapa!”

Mhuri ukagonga karatasi.

Wiki tatu baadaye, baada ya barua mpya ya posa, vyeti vyote na matangazo matatu kanisani, walifunga ndoa Ilomba. Mama Sekela alikaa kwenye kiti cha mama wa bwana harusi. Mjomba mzee kutoka Karonga hakuweza kusafiri, lakini alituma jogoo, na Verediana, aliyefika tangu Alhamisi kusimamia jiko, ndiye aliyempokea, akamshika miguu na kumwambia kwa ukali:

“Na wewe, una karatasi?”